Kisu Kikubwa cha Kukunja: Uzuri Wake, Kasoro Zake na Mahali Pake Shambani

Leo hatuzungumzi habari za mbegu wala mbolea. Tunazungumza habari za kifaa ambacho wengi wenu mnacho mfukoni hivi sasa mnaponisikiliza, nacho ni kile kisu kikubwa cha kukunja.

Pengine mtu atauliza, "Bwana shamba, kisu nacho kina somo gani? Si unakifungua, unakata, basi?" Swali zuri. Lakini kisu hiki kikitumika mahali pasipo pake kinaweza kumwondolea mtu kidole. Tena kinaweza kuhamisha ugonjwa kutoka mgomba mmoja hadi mwingine, mpaka shamba zima likaisha, na mwenye shamba asijue kwamba aliyeueneza ugonjwa ni yeye mwenyewe. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa kisu cha mfukoni, methali hiyo ni kweli tupu.

Jambo ninalotaka tuelewane leo ni moja. Uzuri mkubwa wa kisu cha kukunja unatokana na kiungo chake, yaani pale kinapokunjika. Na kasoro zake kubwa zinatokana na kiungo hicho hicho. Ukishakielewa kiungo, utajua kazi ipi ukipe na kazi ipi ukinyime.

KISU CHENYEWE KIKOJE

Ninaposema kisu kikubwa cha kukunja, nina maana ya kile chenye bapa la urefu wa sentimita 9 hadi 12 hivi. Hebu kitoe mfukoni ukitazame. Kuna bapa lenye makali upande mmoja na mgongo upande wa pili. Kuna mpini wenye mfereji ambamo bapa hulala likikunjwa. Kuna ribiti, yaani ule msumari uliopita katikati ya mpini na bapa, ambao bapa huzunguka juu yake. Na mara nyingi kuna springi au kitu kingine cha kulizuia bapa lisijifunge lenyewe.

Hapo kwenye kizuizi ndipo visu hutofautiana. Vipo visivyokuwa na kizuizi cha kweli. Springi ndiyo inayolishikilia bapa, ukilisukuma kwa nguvu linajifunga. Hivi ndivyo vya kuangalia sana.

Vipo vyenye meno na pete ya kuvuta mgongoni. Ukikifungua unasikia krrr, krrr, na ili kukifunga lazima uivute pete. Kisu kijulikanacho sana cha namna hii ni Okapi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili kiuzwe katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika, wakati ambapo Tanganyika yetu nayo ilikuwa chini yao. Baadaye, mwaka 1988, kazi hiyo ilihamia Afrika ya Kusini.

Vipo pia vyenye pete ya bati shingoni, ambayo huzungushwa kwa vidole mpaka ikalizuia bapa. Wakulima wa Ufaransa wanavyo vya namna hiyo viitwavyo Opinel. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza mwaka 1890, lakini pete ile ya usalama haikuwekwa mpaka mwaka 1955. Mwisho, vipo vyenye kipande cha bati ndani ya mpini, ambacho hujisogeza nyuma ya bapa likifunguka, na wewe hukisukuma pembeni kwa dole gumba ili kukifunga. Vingi vya bei ndogo madukani siku hizi ni vya namna hii.

UZURI WAKE

Kwanza, kinabebeka. Kisu cha kawaida kisicho na ala huwezi kukitia mfukoni. Utakifunga kwenye kitambaa, utakichomeka kwenye mkanda, na siku utakapoinama utajuta. Kisu cha kukunja makali yake yamelala ndani ya mpini. Unapanda baiskeli nacho, unapanda mnazi nacho, unambeba mtoto nacho, pasipo kujichoma.

Pili, kipo karibu wakati wa haja. Mbuzi amejisonga kwa kamba kwenye kichaka, naye anakoroma. Je, utakimbia nyumbani kutafuta panga? Kisu kilicho mfukoni hufungua kamba hiyo kabla mbuzi hajafa. Kisu bora kilichobaki jikoni hakimsaidii mtu aliyeko shambani.

Tatu, ukubwa wake ni faida. Vile visu vidogo vya mfukoni mpini wake hupotea mkononi, na mkono ukiwa na jasho au utomvu huteleza. Mpini mkubwa unajaza kiganja. Na bapa refu linakuwezesha kukata kwa kuvuta, badala ya kukandamiza. Kukata kwa kuvuta kunaacha kidonda safi kwenye mmea.

Basi kuna kazi nyingi ambazo kisu hiki kinazifanya vizuri kabisa. Kukata kamba ya katani na kufungua gunia. Kukata marando ya viazi vitamu. Kuvuna mchicha, kabichi, bamia na bilinganya. Kuchonga vijiti vya kuegemezea nyanya. Kupunguza kwato za mbuzi zilizorefuka, maadamu unakata kidogo kidogo, na unaacha mara uonapo rangi ya waridi, kwa sababu hapo damu imekaribia. Kazi hizi zote ni nyepesi, zinataka makali na hazitaki nguvu nyingi.

KASORO ZAKE

Sasa tugeuze upande wa pili. Sifa zote hizo zina gharama yake.

Kasoro ya kwanza ni udhaifu wa kiungo. Kisu cha kawaida, chuma chake huingia ndani ya mpini na kushikwa humo. Kisu cha kukunja kinaning'inia kwenye ribiti moja. Ukikitumia kukata, ribiti haisumbuki. Ukikitumia kubandua, kuchokonoa, kufungulia debe au kung'olea misumari, nguvu zote zinaishia kwenye ule msumari mdogo. Utamsikia mtu akilalamika, "Bwana shamba, kisu hiki nimekinunua juzi tu, mbona kinacheza?" Nami humwuliza, "Mzee wangu, ulikifungulia nini?" Anacheka, maana jibu analo. Kisu kinachocheza hakirudi kuwa kizima kwa kugongwa na nyundo. Ukiigonga ribiti, ama kinakuwa kigumu kufunguka, ama mpini unapasuka.

Kasoro ya pili ni hatari ya kujifunga mkononi. Bapa likijifunga, njia yake ni moja tu, nayo hupita juu ya vidole vyako vinne. Kujifunga huku hutokea hasa unapochoma kwa ncha, kama vile kutoboa ngozi, gunia au dumu la plastiki. Ncha inakwama, mkono unasukuma, bapa linarudi. Na kadiri bapa lilivyo kubwa ndivyo kidonda kinavyokuwa kirefu. Mshipa wa kidole ukikatika, kidole hakikunji tena, na mkono wa mkulima usiokunja hauwezi kushika jembe. Kwa hiyo, usichome kwa kisu cha kukunja. Kuchoma ni kazi ya kisu cha mpini imara. Na kizuizi cha kisu, hata kiwe kizuri namna gani, usikitegemee kama unavyotegemea ukuta. Mchanga ukiingia kwenye meno au kwenye pete, kizuizi hakishiki sawasawa.

Ikitokea umejikata, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, kifunge kwa kitambaa safi, nenda zahanati. Usipake udongo wala kinyesi cha ng'ombe. Kisu kilichogusa udongo kinaweza kuingiza vijidudu vya pepopunda, na pepopunda inaua. Mwulize mganga wa zahanati habari za chanjo.

Kasoro ya tatu inawahusu wale wanaobebesha miembe na michungwa. Bapa la kisu kikubwa ni nene, na makali yake yamenolewa pande zote mbili. Unapochonga kikonyo cha mwembe ili ukiingize kwenye mche wenye unene wa penseli, unataka uso ulionyooka, uliokatwa kwa mkato mmoja. Bapa nene linapasua mche kabla ya kuukata, na uso unatoka na tumbo. Ule utando wa kijani ulio chini ya gome la kikonyo haukutani na wa mche, na baada ya wiki chache kikonyo kimekauka. Mkulima analaumu mbegu, analaumu jua, kumbe tatizo ni kisu. Kwa kazi hii tafuta kisu kidogo cha kubebeshea au wembe mpya.

Kasoro ya nne ni maji. Mipini ya mbao huvimba ikilowa. Mvua za masika zikikukuta shambani, mfereji unabana na bapa linagoma kufunguka. Watu hapo hutumia meno. Jamani, meno hayakuumbwa kwa kazi hiyo! Kausha kisu kivulini, usikianike juani wala karibu na moto, maana mbao itapasuka.

KASORO KUBWA KULIKO ZOTE: UCHAFU UNAOJIFICHA

Ndugu zangu mnaolima migomba, hapa naomba masikio yenu yote.

Upo ugonjwa wa mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria. Ulijulikana kwanza Ethiopia, ambako uliandikwa mwaka 1968 kwenye mmea unaofanana na mgomba. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na mwaka 2006 ulithibitishwa kwetu mkoani Kagera. Dalili zake ni hizi: majani yanakuwa manjano na kunyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati na bila kufuatana, ukiikata ndizi ndani ina rangi ya kahawia, na ukilikata shina linatoa ute wa rangi ya njano. Mgomba ulioshikwa hauna dawa. Lililobaki ni kuuondoa na kuzuia usiambukize mingine.

Njia kubwa za kuambukiza ni wadudu wanaotembelea maua, miche iliyotoka kwenye shamba lenye ugonjwa, na vifaa vya kukatia. Ule ute ukibaki kwenye bapa, mgomba utakaofuata kukatwa ndio unaoupokea. Ndiyo maana tunasema kila kifaa kisafishwe kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchoma bapa kwenye moto mpaka lisishikike kwa mkono. Ya pili ni kuondoa utomvu kwanza, halafu kuosha kwa Jiki iliyochanganywa na maji, kikombe kimoja cha Jiki kwa vikombe vitano vya maji.

Sasa fikirini njia hizo mbili kwa kisu cha kukunja. Ukikitia motoni, mpini unaungua na springi inalegea. Bapa lake jembamba nalo likipata moto mkali hupoteza ugumu, baadaye halishiki makali. Ukikiosha kwa Jiki, bapa litatakata, lakini utomvu uliotiririka ndani ya mfereji na kuzunguka ribiti haufikiwi vizuri. Na Jiki yenyewe inayobaki humo ndani inakula chuma na kuleta kutu. Kwa hiyo unaosha, unakunja, na bapa lililotakata linalala juu ya uchafu ule ule. Ukilifungua kwenye mgomba wa pili, umekwisha kubeba ugonjwa.

Basi neno langu kwa wakulima wa migomba ni hili: kisu cha kukunja kisiguse mgomba. Kata mkungu na majani kwa panga, maana panga linachomeka motoni na kuoshwa pande zote. Ua dume liondoe mara tu chane ya mwisho inapojitokeza, tena usitumie chuma chochote. Tumia mti mrefu wenye panda, lishike kwa panda hiyo, zungusha, livunje. Mti huo haununuliwi, na haukati mgomba wala kubeba utomvu kama kisu kinavyobeba. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa ugonjwa huu kinga ndiyo yote tuliyo nayo.

Wafugaji nao wana lao. Ng'ombe akifa ghafla, na damu nyeusi isiyoganda ikatoka puani, mdomoni au nyuma, huyo anaweza kuwa na kimeta. Kwa kuwa kisu kiko mfukoni, mtu hushawishika kumchuna hapo hapo. Usithubutu! Usimpasue, usimchune, usile nyama yake. Kimeta kinaua watu, na ukiupasua mzoga vijidudu vyake vinaingia udongoni na kukaa miaka mingi. Mwite bwana mifugo, na kisu kibaki mfukoni.

Hata kazi ya kawaida, kama kuchinja kuku, damu na mafuta huingia kwenye mfereji na kuoza. Ukitoka hapo ukamenyea mtoto embe kwa kisu hicho hicho, umempa ugonjwa wa tumbo. Kwa kazi ya chakula tumia kisu cha jikoni.

UNAPOKWENDA KUNUNUA

Usinunue kwa kutazama mng'aro. Kifanyie kisu majaribio haya mbele ya mwenye duka.

1. Kifungue, ushike bapa kwa vidole viwili na ulitikise kushoto na kulia. Likicheza kikiwa kipya, baada ya msimu mmoja itakuwaje?

2. Kikunje polepole na uangalie bapa linavyoingia. Lilale katikati ya mfereji. Likigusa ukuta wa mpini, makali yataharibika kila unapokikunja.

3. Jaribu kizuizi. Shika mpini kwa ubavuni, vidole vikae mbali na njia ya makali, kisha gongesha mgongo wa bapa polepole kwenye ubao. Kikijifunga, kirudishe kwa mwenyewe.

4. Kishike kama unakata. Mpini ujaze kiganja na usiwe na kona za kuumiza. Mtu mwenye mkono mdogo asinunue jisu kwa ajili ya fahari.

5. Uliza chuma chake. Chuma kisichoshika kutu kinafaa pwani kwenye hewa ya chumvi, na kwa kukata ndimu na machungwa. Chuma cha kawaida cha feleji hunoleka upesi na kwa urahisi, lakini kinashika kutu kisipofutwa.

Na kabla hujatoa fedha, jiulize: je, nina kisu imara cha shamba? Kama huna, anza na hicho. Mhunzi wa kijijini anaweza kukufulia kisu kutokana na springi kuukuu ya gari, na fundi viatu akakushonea ala ya ngozi. Kisu hicho hakikunjiki, lakini kinachoma, kinachuna na kinaoshwa kikatakata. Cha kukunja kiwe msaidizi wake.

KUKITUNZA

Tukimaliza kazi tufanye mambo manne. Kwanza, futa bapa kwa kitambaa chenye maji na sabuni, kisha kwa kitambaa kikavu. Pili, toa uchafu ulio ndani ya mfereji kwa kijiti chembamba au unyoya mgumu wa kuku, usitumie kidole. Tatu, tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiungo, ufungue na kufunga mara chache, kisha futa yaliyozidi. Mafuta ya kupikia hayafai, yakikaa yanaganda na kunata. Oili chafu ya gari nayo imejaa masizi na vumbi la chuma. Nne, kihifadhi kimekunjwa, pakavu, mbali na watoto.

Kunoa ni kwa kinoo na maji. Laza bapa juu ya kinoo, kisha inua mgongo wake kidogo. Kwa bapa lenye upana wa sentimita 2, inua kama nusu sentimita. Sukuma kama unayekata kipande chembamba cha jiwe, tangu shingoni mpaka ncha, halafu geuza upande wa pili. Idadi iwe sawa kila upande. Kupeleka kisu kwenye jiwe la mashine bila maji ni kukiua. Cheche zinapendeza, lakini ukiona makali yamegeuka rangi ya bluu, ujue ugumu wa chuma umekwisha. Na msiogope makali. Kisu butu ndicho kinachokata watu, kwa sababu mtu hukisukuma kwa nguvu mpaka kinateleza.

Jambo la mwisho ni ustaarabu. Kisu cha shamba ni cha shamba. Ukienda kilabuni, mkutanoni au kwenye mpira, kiache nyumbani. Ugomvi mdogo wenye kisu ndani yake si mdogo tena.

KWA UFUPI

Ndugu wakulima, kisu kikubwa cha kukunja ni kifaa kizuri kwa kazi nyepesi na kwa safari. Kina makali marefu, kinajaza mkono na kinabebeka kwa usalama. Lakini kiungo chake hakistahimili kubandua, kinaweza kujifunga vidoleni ukichoma kwa ncha, na kinaficha uchafu usiofikiwa na Jiki wala moto. Kwa hiyo kisibandue, kisichome, kisiguse mgomba wala mzoga.

Leo jioni mkikaa nyumbani, kila mmoja akitoe kisu chake mfukoni, akifungue, achungulie ndani ya mfereji. Atakachokiona humo ndicho anachokipeleka kwenye mmea unaofuata. Akisafishe, akipake mafuta, kesho aende nacho kazini.